Sura ya Saba: Kuuweka Uovu Nuruni

Katika karne ya 4, kwenye jangwa la Misri, kijana aitwaye Serapion alikuwa akilelewa katika maisha ya kimonaki na mzee Theonas. Walikula mara moja tu kwa siku, saa tisa alasiri, na chakula chenyewe kilikuwa mikate midogo iliyokaushwa ili ikae muda mrefu bila kuharibika. Kila siku, baada ya kula na mzee wake, Serapion alificha mkate mmoja kifuani, ndani ya vazi lake, kisha akaula baadaye kwa siri. Wizi wenyewe ulikuwa mdogo kiasi cha kuchekesha. Lakini Serapion, alipokwisha kuwa mzee naye, alisimulia kwamba utamu wa mkate ule haukuwahi kufikia uchungu uliofuata. Kila alipomaliza kuula alijilaumu na kuazimia kuacha. Kesho yake, saa tisa, mkono ukaenda tena kifuani.

Siku moja walikuja wageni kutafuta mausia ya mzee. Mazungumzo yakaangukia ulafi, na nguvu ambayo mawazo huwa nayo yanapofichwa. Serapion akadhani mzee ameshajua. Akashindwa kujizuia, akaangua kilio, akautoa mkate kifuani mbele ya wote na kuanguka chini akiomba msamaha. Theonas hakumkaripia wala hakumpangia adhabu. Alimwambia tu kwamba amekwisha kufunguliwa, na kwamba kilichomfungua ni kusema kwake mwenyewe, kabla mzee hajaongeza neno. Hamu ile haikumrudia tena.

Kisa hiki kimehifadhiwa na John Cassian, aliyeishi miaka mingi kati ya wamonaki wa Misri, kisha akayaandika mazungumzo yao akiwa Marseille, kusini mwa Ufaransa ya leo, katika miaka ya 420. Wasomaji wengi hukumbuka sehemu yake ya ajabu, ule mwali uliomtoka kijana kifuani na kukijaza kijumba harufu ya kiberiti. Mimi huvutwa zaidi na hali ya Serapion kabla ya siku ile. Alikuwa na karibu kila kitu ambacho tunamwagiza mtu anayepambana na uovu wa moyo wake akitafute. Alisali, alifunga, alijuta, na aliishi kijumba kimoja na mtu mtakatifu. Hayo yote aliyafanya mkate ukiwa kifuani.

Sura hii ina jambo moja la kusema: uovu wa ndani haushindwi na mtu aliye peke yake nao. Imani ya Kikristo ililijua hilo mapema, ikalisahau kwa vipindi virefu, na kila ilipolikumbuka tena watu walibadilika kwa namna ambayo majirani zao waliiona kwa macho. Nitapita kwa wamonaki kwanza, kwa sababu wao ndio waliochunguza kwa makini. Kisha nitakaa Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, kwa sababu kutoka huko jambo hili lilifika mpaka kwenye sebule zetu.

*

Paulo, katika Waraka kwa Warumi, anaeleza hali ya mtu anayelijua jema, anayelitaka, na bado anajikuta akitenda lile analolichukia. Wafafanuzi wamebishana tangu zamani kama anajieleza alivyokuwa kabla ya kuamini au baada yake. Wamonaki hawakuwa na haja na ubishi huo. Wao walikuwa wamebatizwa, wameacha mali, ndoa na mji, na walipofika jangwani, ambako hakuna cha kuiba wala wa kutamani, walikuta tamaa na hasira zimetangulia kufika.

Aliyeyachunguza hayo kuliko wote ni Evagrius, mzaliwa wa Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo. Alikuwa shemasi msomi na msemaji hodari mjini Konstantinopoli mpaka alipompenda mke wa mtu mwenye cheo. Akakimbilia Yerusalemu, na kutoka huko akaenda Misri, alikofia mwaka 399. Alikimbia jaribu moja, akafika jangwani na kuyaorodhesha manane: ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kutaka sifa, na kiburi. Karibu miaka 200 baadaye Papa Gregori Mkuu aliipanga upya orodha hiyo ikawa ya mambo saba, na ndiyo mizizi ya dhambi ambayo watoto wa Kikatoliki hufundishwa mpaka leo.

Evagrius hakuyaita manane hayo dhambi. Aliyaita mawazo, na akaweka mpaka ambao wengi wetu hatukuwahi kufundishwa: wazo kuja si hiari yetu, lakini kulikaribisha likae na kulipa nafasi ya kuamsha tamaa ni hiari yetu. Mtu ambaye hajui mpaka huo huteseka bure. Anapitiwa na wazo chafu katikati ya ibada, anajiona amekwisha potea, na kwa kuwa amejiona amepotea, haoni tena sababu ya kupigana. Mwingine hukimbilia kuombewa atolewe pepo wa hasira, kisha akirudi nyumbani anamfokea mkewe kabla ya chakula cha jioni. Siyabezi maombi hayo. Evagrius mwenyewe aliamini kabisa kwamba mashetani wapo na wanafanya kazi. Lakini aliwataka wamonaki wachunguze: ni wazo gani linakuja, saa ngapi, baada ya lipi, na likiondoka linamwachia nani nafasi.

Uchovu wa roho, kwa mfano, aliupangia hadi muda wake: saa nne mpaka saa nane mchana. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo hapa, maana watu wale walihesabu saa kama tunavyohesabu sisi, kuanzia jua linapochomoza. Katika muda huo, anasema, jua huonekana limesimama. Mmonaki huchungulia dirishani aone bado kiasi gani ifike saa tisa. Huanza kukichukia kijumba chake, kazi yake, na wenzake ambao leo hakuna hata mmoja aliyekuja kumjulia hali. Hukumbuka ndugu zake wa damu. Huona kwamba mtu anaweza kumpendeza Mungu mahali popote, kwa nini iwe hapa? Yeyote aliyewahi kukaa ofisini mchana akitazama simu badala ya kazi iliyo mezani anaijua hali hiyo.

Sasa, mmonaki alifanya nini na mawazo yake? Aliyapeleka kwa mzee. Si matendo peke yake. Mawazo yenyewe, kabla hayajawa tendo. Mchwa wanapopanda ukuta hujijengea kijia cha udongo, na humo gizani na unyevuni hula mlango na dari bila mwenye nyumba kujua. Ukikivunja kijia kile, mwanga na upepo vikiingia, wanakimbia kuliko wanavyokimbia ufagio. Na mwenye nyumba anajua kwamba wiki ijayo atakikuta kimeanza kujengwa tena. Wazee wa jangwani hawakumtaka kijana aseme mara moja katika maisha yake. Walimtaka arudi na arudi.

Na si kila mzee alifaa. Cassian, katika mazungumzo yaleyale yaliyo na kisa cha Serapion, ameweka kisa kingine ambacho wahubiri wetu hawakipendi sana. Kijana mmoja, akisumbuliwa na tamaa ya mwili, alikwenda kumweleza mzee mmoja. Mzee akamtukana, akamwambia hastahili hata kuitwa mmonaki. Kijana akaondoka amekata tamaa, ameazimia kurudi mjini akaoe. Njiani akakutana na Abba Apollo, aliyemsoma uso na kumbembeleza mpaka akasema. Apollo akamwambia kwamba hata yeye, pamoja na mvi zake, mambo hayo humjia, na akamwomba asubiri siku moja tu. Kisha akaenda kusimama nje ya kijumba cha yule mzee mkali na kuomba jaribu la kijana limhamie mzee, ili ajifunze uzeeni kile ambacho hakujifunza ujanani. Haukupita muda mzee akatoka mbio kama aliyerukwa na akili, akishika njia ileile ya kwenda mjini.

Kanisa la baadaye lilijaribu kulipangia jambo hili utaratibu. Mwaka 1215 Mtaguso wa Laterano uliamuru kila mwamini aungame kwa padre angalau mara moja kwa mwaka. Martin Luther, ambaye watu hudhani alifuta kitubio, aliweka sehemu ya maungamo katika Katekisimu Ndogo, na ipo mpaka leo katika vitabu vya Walutheri wa Tanzania. Katika ibada za Jumapili tunaungama kwa pamoja, kwa maneno yaliyoandikwa, na hakuna anayejua jirani yake amemaanisha nini. Sala ile ni njema. Lakini mtu anaweza kuisema miaka 40 na mkate wake ukabaki kifuani.

*

Gahini ni kilima kilicho mashariki mwa Rwanda, juu ya Ziwa Muhazi. Misheni ya Kianglikana ilikuwa na hospitali huko, na mwaka 1928 alifika daktari kijana kutoka Uingereza, Joe Church. Alifika wakati njaa kubwa ikianza. Mwaka uliofuata alikuwa amechoka mwili na roho, akaenda Kampala kupumzika. Huko Namirembe, Septemba 1929, alikutana na Simeoni Nsibambi, Muganda mwenye nafasi nzuri katika idara ya afya ya serikali. Nsibambi alikuwa na njaa ya Mungu, na alilisikitikia Kanisa la Uganda, ambalo kwa nje lilinawiri na kwa ndani lilipoa. Wawili hao walikaa siku mbili na Biblia, wakifuatilia mafundisho juu ya Roho Mtakatifu.

Uzito wa siku hizo mbili unaonekana mtu akikumbuka Uganda ya kikoloni ilivyokuwa. Mzungu alimfundisha Mwafrika, alimpima, alimwajiri, alimbatiza. Kukaa naye kwenye kiti kinacholingana na kumwambia kwamba nimepungukiwa, nisaidie, halikuwa jambo la kawaida. Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akatumia maisha yake kuhubiri. Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha.

Hospitalini Gahini mambo yalikuwa mabaya. Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa daktari, alikuwa na uchungu na wakubwa wake. Mwaka 1931 Church alimtuma Kampala akamwone Nsibambi. Kinuka akaenda na orodha ya malalamiko: wafanyakazi wabaya, mishahara, Wazungu. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamgeuzia kioo. Akamwonyesha kwamba hospitali iko vile kwa sababu moyo wa Kinuka uko vile. Kinuka alirudi mtu mwingine. Alianza kwa kutubu mambo yake mwenyewe, wizi mdogomdogo wa kazini ukiwamo, na kwa muda fulani akawa ndiye anayechukiwa zaidi hospitalini. Mtu mmoja akianza kusema, walionyamaza hukosa amani.

Mwishoni mwa 1933 palikuwa na mkutano wa siku kadhaa hapo Gahini. Siku ya mwisho, katika kipindi cha maombi kilichokuwa kimepoa, mtu mmoja alisimama akaungama dhambi yake kwa kuitaja. Mwingine akafuata. Waliendelea kwa saa kadhaa. Kutoka hapo moto ulienea: Kabale mwaka 1935, Mukono 1936, Kabete nchini Kenya 1937, na kabla ya mwisho wa muongo huo ukaingia Tanganyika kupitia Bukoba, kwa Waanglikana na Walutheri. Kigozi hakuyaona mengi ya hayo. Alifariki Januari 1936 kwa homa ya kupe, akiwa amefika Kampala kuiambia sinodi ya Kanisa la Uganda iamke.

Walokole, kama walivyokuja kuitwa hadi kwetu, hawakuleta fundisho jipya. Walileta kikao. Watu wachache hukutana nyumbani au chini ya mti, mara moja au mbili kwa wiki. Husoma kifungu, huomba, kisha mmoja mmoja hueleza anatembeaje na Bwana. Hapo ndipo penyewe. Ndugu hasemi kwamba yeye ni mwenye dhambi, maana hilo halimgharimu mtu chochote. Husema kwamba Jumanne alimdanganya mkewe kuhusu mshahara. Husema kwamba tangu mwenzake apandishwe cheo hajaweza kumsalimia kwa moyo. Akimaliza, wenzake huimba pambio la kumsifu Yesu, Mhaya na Mkikuyu kwa Kiganda kilekile. Kuimba huko kuna kazi yake: kunaifunga habari kwa msamaha, isibaki hewani watu wakaanza kuichambua.

Kisha huja swali ambalo hufanya watu wengi waogope ushirika kuliko wanavyoogopa kanisa: umemrudishia mwenyewe? Toba isiyofika kwa aliyekosewa ilihesabika bado iko njiani. Watu walirudisha fedha, mashuka ya hospitali, vyombo vya kazi, hata ng'ombe. Walikwenda kwa maadui zao na kwa waajiri wao. Maofisa wa kikoloni, waliozoea kuhubiriwa na wamisheni, walishangaa kumwona mtu anakuja kulipa deni ambalo hakuna aliyemdai.

Hapo lazima niseme wazi kitu ambacho mtu wa nje huweza kukikosa. Kikao hiki kinafanana kwa nje na vikao vingi vya leo ambamo watu hukaa duara na kusimuliana maumivu yao. Kusema tu kunaponya kiasi, na sioni sababu ya kukataa hilo. Lakini walokole hawakuamini kwamba maneno yao yanaosha. Walisema kwa sababu waliamini kwamba gharama imekwisha kulipwa msalabani, hivyo hakuna tena cha kulinda. Anayetetea jina lake hawezi kuungama. Anaweza tu kujieleza. William Nagenda, mmoja wa wahubiri wao wakubwa, alilirudia hilo mpaka watu wakachoka kusikia. Kuhangaika uwe mtakatifu, alifundisha, ni namna nyingine ya kumkwepa Yesu. Njoo ulivyo leo, na kesho uje tena.

Fundisho hilo lilikuwa na makali yake. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, Nagenda na wenzake walizoea kuamka kabla ya alfajiri kusali na kuwahubiria wanafunzi wenzao kuhusu dhambi zilizokuwamo chuoni. Wakubwa wakawakataza. Hawakukoma, na wanafunzi 26 wakafukuzwa. Nani alikuwa na haki? Nadhani chuo kilikosea kuwafukuza. Nadhani pia kwamba kuungama dhambi yako na kumtajia mwenzako dhambi yake ni kazi mbili tofauti, na uamsho haukuwa mwangalifu kila mara kuzitenganisha.

Katika miaka hiyohiyo ya 1930, mbali kabisa na Gahini, mchungaji Mjerumani Dietrich Bonhoeffer alikuwa akiendesha seminari ndogo huko Finkenwalde, mpaka Gestapo walipoifunga mwaka 1937. Aliwataka wanafunzi wake waungame mmoja kwa mwingine, jambo lililowashtua Walutheri wale. Hoja yake, aliyoiandika baadaye, ni kwamba dhambi inamtaka mtu awe peke yake, na mcha Mungu huweza kuwa mpweke kuliko wote, kwa sababu katika jumuiya ya wacha Mungu hakuna anayeruhusiwa kuwa mwenye dhambi. Sijui kama aliwahi kuisikia Gahini. Alifika palepale kwa njia yake.

*

Mtu ambaye katika maisha yake naona kazi yote ya uamsho ni Festo Kivengere. Alizaliwa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, akawa mwalimu, akaiacha imani na kuzama katika pombe. Aliokoka mwaka 1941. Mojawapo ya mambo ya kwanza aliyoona hana budi kuyafanya ni kwenda, kwa safari ndefu ya baiskeli, kwa mmisheni Mwingereza aliyekuwa akimchukia, amwambie kwamba alimchukia na sasa anaomba msamaha. Chuki ile haikuwa bila sababu. Ukoloni ulimpa kijana Mwafrika sababu za kutosha. Kivengere hakuzikana sababu hizo. Alikataa kuziacha zimtawale. Baadaye alifundisha miaka mingi Dodoma, akahubiri duniani kote, na mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi.

Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, mlokole mwenzake, aliuawa na utawala wa Idi Amin. Kivengere alitoroka na mkewe kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda. Alipofika London aliingia kanisani siku ya Ijumaa Kuu, na hapo, anasimulia, aligundua kwamba amembeba Amin moyoni. Alikuwa na uchungu uliokuwa ukikua kila siku, na ulikuwa ukimkausha. Yule aliyewahi kupanda baiskeli kwenda kumwambia Mzungu ukweli sasa hakuwa na pa kwenda. Adui yake alikuwa Ikulu. Aliusema uchungu ule mbele ya Mungu, kisha akausema mbele ya watu, akauandika katika kitabu alichokipa jina la kutangaza kwamba anampenda Amin. Wengi waliudhika, hasa waliofiwa. Inafaa kukumbuka kwamba Kivengere hakuacha kuupinga utawala ule hadharani. Kilichokuwa kimemtoka ni kile ambacho, kama kingebaki, kingemfanya afanane na aliyempinga.

*

Ningependa kuishia hapo, lakini Gahini iko Rwanda.

Mwaka 1994, ndani ya takriban siku 100, watu zaidi ya 800,000, wengi wao Watutsi, waliuawa katika nchi ambamo karibu watu tisa kati ya kila kumi walijitaja kuwa Wakristo. Wengi waliuawa makanisani walikokimbilia, Nyamata na Ntarama kwa mfano. Wako walokole waliokufa kwa kukataa kutenganishwa na ndugu zao, wako waliowaficha majirani, na wako walionyamaza. Baadhi ya viongozi wa makanisa walikuwa karibu mno na serikali iliyopanga mauaji. Je, nchi ulikoanzia uamsho wa toba ilifikaje huko?

Jibu jepesi ni kwamba wauaji hawakuwa Wakristo wa kweli. Jibu hilo linatuondoa sote hatiani, ndiyo maana siliamini. Mimi naona hivi: mtu huungama kile ambacho wanaomsikiliza wanakiona kuwa dhambi. Ulevi, uzinzi, wizi, uongo na hasira nyumbani vilikuwa na majina katika ushirika, na kila mtu aliyajua. Baadaye katika maeneo kadhaa yaliongezwa mavazi, mitindo ya nywele na kukopa, mpaka baadhi ya makundi yakagawanyika kwa ajili hiyo. Lakini dharau ambayo kundi zima linayo kwa kundi jingine haisikiki kama dhambi ndani ya kundi hilo. Inasikika kama historia, au kama busara ya wazee. Hakuna anayelia akiitaja, kwa sababu hakuna anayeiona.

Mwanzoni uamsho uliiona. Nguvu yake ilikuwa kwamba Mzungu alimwambia Mwafrika kiburi chake cha rangi, na Mhutu na Mtutsi walipiga magoti pamoja. Yona Kanamuzeyi, mchungaji wa Nyamata aliyewahudumia Watutsi waliofukuzwa makwao, aliuawa na wanajeshi Januari 1964 akiwa na sifa hiyo. Ndiyo Nyamata hiyohiyo. Kadiri vikao vilivyozidi kuwa vya watu wa aina moja, lugha moja na maslahi mamoja, ndivyo vilivyopoteza sikio la kuusikia uovu wa aina hiyo. Katika Afrika yetu ushirika ambao ndani yake hakuna mtu wa upande wa pili, wa kabila jingine, wa chama kingine, mfanyakazi wa ndani pamoja na mwajiri wake, unaweza kutubu kila Alhamisi na usiguse jambo kubwa kuliko yote lililo mioyoni mwa wanaotubu.

Kuna udhaifu mwingine ambao hauna ukubwa huo lakini unatokea mara nyingi zaidi. Ni ushirika unaofanya toba kuwa maficho. Mhazini wa usharika anasimama, analia, anasema shetani alimpitia katika fedha za ujenzi. Watu wanaimba, wanamkumbatia, na hakuna anayeuliza vitabu viko wapi. Swali la zamani, umemrudishia mwenyewe, limeachwa kwa sababu linaonekana halina upendo. Hilo ndilo swali lenye upendo kuliko yote yaliyoulizwa katika kikao hicho, kwake na kwa wajane waliochanga.

Na pale aliyekosewa ni mtoto, mambo hayawezi kuishia sebuleni hata kidogo. Mtu akiungama katika ushirika kwamba amemdhuru mtoto, ndugu wanaosema yamekwisha, tumemsamehe, wametoa msamaha usio wao. Mzee wa ushirika anayeijua kazi yake huhakikisha siku hiyohiyo kwamba mtoto yuko mahali salama, kisha humsindikiza yule ndugu mpaka kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, akayarudie aliyoyasema. Akikataa kwenda, mzee huenda mwenyewe. Baada ya hapo kazi ya ushirika ndiyo inaanza: kumtembelea mahabusu, kumwombea, kumsomea Neno, na kabla ya hayo yote kwenda kwa wazazi wa mtoto kuwauliza wanahitaji nini, na kukubali kama watasema hawataki kuwaona.